Harufu ya Pasi: Kumbukumbu ya Mwalimu Odeta Masele

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Precious Ngosha, na leo nawaomba radhi mapema. Mliokizoea kipindi hiki mnajua huwa nawasomea kumbukumbu kwa sauti ya taratibu, kwaya ikipita chini chini. Leo nimemwambia fundi mitambo aizime kwaya. Nina hasira. Ninazo kwa siku arobaini sasa, na sijaona sababu ya kuziacha nje ya mlango wa studio.

Tunamkumbuka Mwalimu Odeta Masele wa Butimba, hapa Mwanza. Amefariki akiwa na miaka sitini na mmoja. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mwalimu Odeta Masele, wa Butimba, miaka sitini na mmoja. Hakuondoka kwa presha wala kisukari. Ameuawa na kiti cha gari. Mmesikia vizuri. Gari lenyewe halikugonga kitu, halikupinduka. Lilikwenda Musoma salama, likarudi Mwanza salama, na yeye akaungua humo ndani mbele ya macho ya watu watatu.

Alizaliwa Kisesa. Akasomea ualimu Butimba, akaolewa Butimba, akamzika mumewe Butimba. Alifundisha darasa la tano miaka ishirini na sita. Mimi nilikaa dawati la mbele, na siyo kwa sababu ya akili. Alinihamishia pale mwenyewe. "Precious, kaa hapa nikuone, maana huo mdomo utakuja kukuponza." Nilipopata kazi redioni akawa ananipigia kila Jumapili baada ya kipindi. Hasalimii. Anaanza tu: "Umesema dakika mbili, umetumia sita. Watu wana mboga jikoni."

Miaka tisa iliyopita, basi dogo alilopanda lilipinduka karibu na Usagara. Alitoka hai. Lakini kuanzia kiunoni kushuka chini hakusikia kitu tena. Sisemi kutembea tu, nasema kusikia. Ukimchoma sindano pajani hajui. Ukimmwagia chai ya moto hajui mpaka aione. Hilo naomba mlishike, wasikilizaji wapendwa: kuanzia kiunoni kushuka chini, Mwalimu Odeta hakusikia joto na hakusikia maumivu.

Mtu wa hali hiyo akikaa mkao mmoja muda mrefu, ngozi inaanza kufa. Kwa hiyo alitega simu yake ilie kila nusu saa. Ikilia, anashika mikono ya kiti chake cha magurudumu, anajinyanyua kwa nguvu za mabega, anahesabu thelathini, anajishusha. Alifanya hivyo sokoni, alifanya hivyo kwenye vikao vya mtaa, alifanya hivyo kanisani. Kuna padri aliwahi kumuuliza kwa nini simu yake haizimwi wakati wa misa. Akamjibu, "Baba, kengele yako inaita waumini, hii yangu inaita makalio." Padri alicheka mpaka akashindwa kuendelea na matangazo.

Miaka tisa, na hakuwahi kupata kidonda hata kimoja. Miaka tisa! Na hapo lazima nimtaje mtu wa pili, maana mwalimu hakufanya peke yake.

Anaitwa Sharon Opiyo. Mama yake mzazi, marehemu Apiyo, alikuwa anakausha dagaa Mwaloni, Kirumba. Alipofariki, Sharon alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa darasa la Mwalimu Odeta. Msiba ulipoisha, ndugu wa kule Mara wakabaki wanatazamana. Mwalimu akamshika mtoto mkono akaenda naye kwake. Hakujaliwa mtoto wa kuzaa, na watu walipomuuliza huyu ni nani, alijibu, "Sikumzaa. Nilimwandikisha." Leo Sharon ana miaka ishirini na saba. Tangu ajali ile, yeye ndiye aliyemwogesha mama yake, akamgeuza kitandani, akamkagua ngozi asubuhi na jioni kwa kioo kidogo. Kila siku, jamani. Mimi hata maua yangu mawili ya barazani nasahau kuyamwagilia.

Sasa tuje kwenye gari.

Mwalimu Odeta ana kaka yake mkubwa, Mzee Mashimba. Mzee Mashimba ana mtoto wa kiume, Mihayo, miaka thelathini na miwili, kijana wa kazi, anampenda shangazi yake kuliko kitu. Nayasema haya kwa makusudi, maana Mihayo siyo mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningemtukana nikamaliza, nikaenda kunywa chai. Mwaka huu Mihayo alinunua gari lililotumika Japani. Likatoka bandarini Dar, likafika Mwanza, na mnajua wenyewe tunavyofanya. Gari jipya likifika nyumbani, katekista anasali, halafu watu wanalizunguka na kelele zinaanza. Washa taa! Washa wipa! Washa muziki! Kila kitufe lazima kibonyezwe, na mwenye gari akisema hiki sikijui ataonekana mshamba. Basi hasemi. Anabonyeza, kitaa kinawaka, watu wanapiga vigelegele. Maandishi yote ni ya Kijapani. Kitabu cha maelezo ni cha Kijapani. Tunaendesha mashine ambayo hakuna anayejua nusu yake inafanya nini, na hatuoni aibu yoyote. Aibu tunaiona kwenye kuuliza!

Mwezi wa pili, siku ya Jumamosi, walikuwa wanapeleka barua ya posa Musoma, kwa wakwe watarajiwa wa Mihayo. Shangazi ndiye msemaji, hivyo shangazi lazima aende. Ndani ya gari walikuwa wanne. Mihayo anaendesha. Mwalimu Odeta siti ya mbele, kwa heshima. Nyuma, Mzee Mashimba na Sharon. Narudia: Mihayo, Mwalimu Odeta, Mzee Mashimba na Sharon. Hakuna mwingine.

Mwalimu ana mto wake maalumu wa sponji, hakai bila huo. Sharon akaja nao. Mihayo akacheka, akasema, "Sharon, hii ni ngozi halisi, laini kuliko huo mto wenu. Mnataka kuniharibia mwonekano kwa wakwe?" Mto ukaenda kwenye buti. Sharon akasema, "Lakini mama..." Mzee Mashimba akamkata: "Weka nyuma, twende."

Mihayo akawasha injini, akaanza kuwasha na vingine. Kiyoyozi mpaka mwisho. Muziki. Halafu akabonyeza swichi moja yenye picha ya kiti na vimistari vitatu vinavyopanda juu kama moshi. Kitaa cha rangi ya machungwa kikawaka. Akasema, "Leo shangazi anakaa kama waziri."

Wasikilizaji wapendwa, ile swichi ni ya kupasha kiti moto. Ni hita. Huko kwenye baridi na theluji mtu anaingia garini makalio yameganda, anawasha, anapata nafuu. Hapa Mwanza nani angewaza kwamba kuna binadamu ametengeneza kiti kinachojichemsha? Mpaka hapo namwelewa Mihayo. Naapa namwelewa. Hata mimi kwenye gari langu nilikuwa na kitufe nilichokiita "kile cha sijui nini" kwa miaka minne.

Ila sikilizeni. Na kiti cha dereva kina swichi ya namna ileile. Wiki moja kabla, Mihayo aliibonyeza, akasikia joto linapanda mgongoni, akaizima. Alijua! Mimi nilimuuliza mwenyewe, akanijibu, "Dada Precious, nilidhani cha kwangu ndicho kibovu." Basi wewe ukiungua ni kibovu, unazima. Shangazi ambaye hawezi kusikia akiungua, unamwashia na unamwita waziri.

Wakapita Igoma, wakapita Kisesa, wakaikamata barabara ya Magu. Simu ya mwalimu ikalia. Akajaribu kujinyanyua. Garini hakuna mikono ya kushika, na mkanda umembana. Alipofika nusu akarudi chini. Sharon akasema, "Mjomba, naomba tusimame kidogo nimnyanyue mama." Mzee Mashimba akajibu, "Tukianza kusimama simama hatufiki. Wakwe wanasubiri." Magu ikapita. Simu ikalia tena. Walipofika Lamadi wakasimama, lakini siyo kwa ajili yake. Mihayo na baba yake walishuka kunywa soda. Wakaiacha injini inaunguruma ili mgonjwa asipate joto. Jamani! Asipate joto! Usoni anapigwa na upepo wa baridi, chini anapikwa. Sharon peke yake hawezi kumtoa mtu mzima kwenye siti ya gari lile, akawaita wamsaidie. "Tutamnyanyua Musoma," wakasema.

Walipokaribia Bunda, mwalimu mwenyewe akasema. Hakukaa kimya, mtu asije akanidanganya kwamba alikaa kimya. Alisema, "Mihayo, mbona kuna harufu ya nguo iliyopigwa pasi?"

Mihayo akajibu, "Ni gari jipya shangazi. Ndiyo harufu yake."

Mwalimu wa miaka ishirini na sita amesema ananusa kitu kinaungua, na gari zima likamwambia ni upya wa gari. Mimi hapo ndipo huwa nashindwa kulala. Kwa muda wa saa nne kasoro alikaa juu ya hita. Mwanza mpaka Musoma, saa nne kasoro.

Barua ya posa ikapokelewa vizuri. Mwalimu alizungumza, wakwe wakacheka, pilau ikaliwa. Jioni Sharon alipokuwa anamwogesha akakuta malengelenge, upande wa kulia na upande wa kushoto, mengine yameshapasuka. Akalia. Mwalimu akamwambia, "Usilie, leta kioo." Akajitazama, akasema, "Hiki siyo kidonda cha kukaa. Nimekaa miaka tisa, mimi ndiye mtaalamu."

Waliporudi, zahanati ya kwanza ikaandika kidonda cha kukaa. Mtu aliyepooza ana kidonda makalioni, nani ataandika kitu kingine? Wiki ya tatu kidonda kikaingia usaha, homa ikapanda, akalazwa. Na maneno yakaanza. Mzee Mashimba akasema wodini, watu wakisikia, "Huyu binti hamgeuzi dada yangu. Amechoka naye." Sharon alikuwa amesimama na beseni mkononi.

Mwalimu Odeta hakubishana na kaka yake. Alifanya kazi. Alimwambia Sharon apige picha kile kidonda kwa simu. Kilikuwa na michirizi, imepinda na kurudi, imepinda na kurudi, sawasawa kulia na kushoto. Akaitazama picha ile siku nzima. Kisha akasema, "Hii ni waya. Mtafute Obedi."

Obedi ni fundi umeme wa magari pale Igoma. Naye alipita darasa la tano mikononi mwake. Obedi alipoiona picha akamfuata Mihayo, akaomba gari. Akawasha injini, akabonyeza ile swichi, akaweka mshumaa juu ya siti ya abiria. Mimi nilimfuata gerejini kwake anisimulie mwenyewe. "Dada, hazikuisha dakika ishirini," alisema. "Mshumaa ukalegea ukapinda. Kile kifaa cha kukata joto likizidi kilikuwa kimekufa. Nilipofungua siti nikakuta waya umepita vilevile kama kwenye picha. Nilikaa chini pale kwenye grisi."

Mihayo alikuwepo, aliona. Akaenda wodini akapiga magoti. Mwalimu akamshika kichwa. Maneno yake nimepewa na Sharon, na Mihayo hakuyakana. Alimwambia, "Nimekusamehe tangu jana. Sasa nenda kamwambie baba yako, maana binti yangu anabebeshwa mzigo usio wake. Useme wewe. Nikisema mimi watasema mgonjwa anaweweseka."

Mihayo akasema, "Nitasema, shangazi. Nakuahidi."

Siku tisa baadaye Mwalimu Odeta akafariki.

Msibani nilikuwepo. Nilikaa na wanawake karibu na jiko. Mzee Mashimba akasimama mbele ya watu akasema kwamba dada yake ameuawa na uzembe, na aliyefanya uzembe yupo hapa anakula ubwabwa wa msiba. Akamnyooshea Sharon kidole. Akasema hawa watoto wa kuokota ndivyo walivyo, na kwamba Sharon hatatupa udongo kaburini. Sharon akaweka sahani chini, akachukua kanga yake, akatoka.

Na Mihayo? Alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwa baba yake. Akainamisha kichwa. Mwanaume mzima, ndevu kidevuni, kichwa chini. Nilimfuata nyuma ya turubai nikamuuliza anasubiri nini. Akasema, "Wakwe wapo hapa dada, watanionaje?" Jana asubuhi nikampigia tena, nikamwambia kesho nakisoma kipindi cha mwalimu, njoo useme mwenyewe, kipaza sauti nakuachia. Akasema, "Subiri kwanza harusi ipite."

Mimi sisubiri. Anisamehe au asinisamehe. Mwalimu alitaka yeye aseme, amekataa, basi mdomo huu uliowekwa dawati la mbele umesema.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa umeshika usukani, usitikise kichwa kwa kumsikitikia mtu mwingine. Tazama dashibodi yako. Tazama na pembeni ya gia. Kuna picha ya kiti chenye vimistari vitatu? Iguse ujue imezimwa. Kama kuna mtu nyumbani kwako amepooza, au ana kisukari kilichomtia ganzi miguuni, au ni mzee sana, au mtoto mchanga asiyeweza kusema, kiti hicho kisipashwe moto kamwe, hata kwa dakika moja. Lipeleke gari kwa fundi akate waya. Obedi anasema hivi, na ninarudia alivyosema: kabla hujawasha injini, zima kila kitu. Hakikisha gia iko kwenye kuegesha, mguu kwenye breki, washa injini peke yake. Halafu washa kimoja kimoja, na usichokijua usikiwashe. Kiyoyozi nacho ujue kinavuta hewa ya nje au kinazungusha ileile ya ndani. Ukisimama, zima injini na mteremshe mgonjwa, hata kama wakwe wanasubiri. Wakwe watasubiri! Na mtu akikwambia ananusa kitu kinaungua, simamisha gari. Usimweleze harufu ya gari jipya.

Tafakarini hilo leo mkiwa mezani. Tafakarini pia ni mara ngapi mmekaa kimya kwenye kiti cha tatu huku mwingine akinyooshewa kidole.

Nimalizie kwa pole, kama ilivyo desturi. Familia imeniletea karatasi yenye majina ya wafiwa, imeandikwa vizuri, imepigwa na chapa. Nampa pole Mzee Mashimba, kaka wa marehemu. Nampa pole Mihayo. Nawapa pole wote waliomo humu, majina kumi na manne, na Mungu awatie nguvu. Nimeisoma karatasi hii mbele na nyuma, na jina moja halimo. Kwa hiyo naliongeza mimi. Mfiwa wa kumi na tano yuko Mwaloni, Kirumba, anakausha dagaa kama mama yake wa kwanza, na nimeambiwa kuna redio kwenye kibanda cha jirani. Pole nyingi kwa Sharon Opiyo, mtoto wa marehemu. Narudia, kwa wale ambao hawakusikia vizuri: Sharon Opiyo, mtoto wa marehemu.